Marudio ya Saa Kumi na Moja

Shemeji yangu ni fundi cherehani, na hapa mtaani watu wengi hawajui jina alilopewa na wazazi wake. Wanamwita Marudio. Redio yetu hurusha mchezo wa Njia ya Kisimani mara moja tu kwa siku, saa kumi kasorobo alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na aliyeukosa ndiyo imetoka hiyo. Basi aliyeukosa huja kwa shemeji, naye humrudishia mchezo mzima na sauti zake zote, na mlango unaolia, na ng'ombe, na hata tangazo la dawa ya kupe linaloukata mchezo katikati.

Mchezo wenyewe una miaka ishirini na miwili hewani. Ni habari za kijiji ambacho hakipo popote, na watu wake nawajua kuliko ninavyowajua binamu zangu. Yupo Mzee Kigeugeu, mwenyekiti, ambaye hajawahi kumaliza wiki na neno moja. Yupo Mama Mbegu, mjane anayetunza mbegu za kijiji kizima ndani ya vibuyu. Akikwambia panda, unapanda. Mwanawe wa pekee aliondoka kwenda kutafuta kazi mbali, na kwa miaka minane hakuleta salamu. Kwa miaka hiyo minane sisi tumebishana kama yu hai. Kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na chetu, alisema kijana kaoa huko na kasahau kwao. Mwalimu mstaafu aliandika barua tatu kituoni kuwaambia watunzi wamrudishe, na hakujibiwa hata moja, jambo ambalo mpaka leo analihesabu kama utovu wa adabu wa serikali nzima.

Mimi natoboa vitundu na kushona vifungo katika kibanda cha shemeji. Dada yangu, mkewe, anapiga pasi ya mkaa nyuma ya pazia. Redio inaning'inia kwenye msumari kwa utepe wa kitambaa, na sheria ya chumba ni moja: ngoma ya kufungulia mchezo ikilia, cherehani zinasimama na midomo inafungwa. Hata mteja mwenye haraka ya harusi atangoja. Kwa dakika ishirini ni kazi za mkono tu, pindo na vifungo. Shemeji anashona pindo macho yakiwa kwenye redio, na ndiyo maana nusu ya sketi za mtaa huu zina historia. Dada anaweza kuinua sketi yoyote, akatazama mishono na kukwambia siku ile kulikuwa na nini kisimani. Mishono midogo iliyonyooka, siku ya mavuno. Mishono mirefu inayopanda na kushuka, kuna mtu kaachwa. Mwaka ule harusi ya mtoto wa Kigeugeu ilipovunjika mbele ya wageni, sketi thelathini za shule zilitoka na pindo kama njia ya mbuzi, na ilibidi tufumue zote.

Kipaji chake cha kurudia hakikuanza kwa mzaha. Mama yake mzazi aliishi chumba cha nyuma, masikio yamezibwa na uzee, akiupenda mchezo ambao hawezi kuusikia. Shemeji alisikiliza, kisha akaenda kuinama karibu na sikio lake na kumpa yote, neno kwa neno, kila siku kwa miaka sita. Mama alipofariki, yeye akaendelea kuyashika maneno bila wa kumpa. Nilimkuta siku moja peke yake anaiambia cherehani. Nilitaka kumcheka, maana kutaniana na shemeji ni haki yangu, lakini siku ile nilirudi nyuma kimya na kujifanya natafuta uzi.

Ndipo akatokea Mama Mashine. Yeye ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye mashine ya kusaga nafaka. Zamani mashine aliiendesha mumewe, na yeye alikaa nyumbani na redio. Mume alipofariki, aliingia mashineni yeye mwenyewe. Saa kumi kasorobo ndiyo saa watu wanapomiminika na ndoo za mahindi, na dizeli ile ikinguruma, hata umpigie kelele sikioni ataitikia kwa kichwa tu. Wiki ya kwanza alivuka barabara jioni akasimama mlangoni, mweupe wa unga kuanzia kope hadi kucha, akauliza kwa aibu kama kuna mtu anayejua Mama Mbegu kafikia wapi. Shemeji alivuta kigoda kabla hajamaliza kuuliza.

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Toka siku ile, kila saa kumi na moja jioni, anafunga mashine, anavuka, anaketi kwenye kigoda nje kidogo ya kizingiti asije akachafua nguo za watu, na kusema, "Haya Fundi, nipe." Hataki muhtasari. Ukiruka tangazo la dawa ya kupe anakurudisha: "Na tangazo je?" Na shemeji analiimba, na kwato za ng'ombe anazipiga kwa vibiringo vya uzi juu ya meza.

Wala haruhusu mtu mwingine amwambie. Kinyozi, ulimi hauna mfupa, aliwahi kumdokezea mwisho wa kisa akiwa kwenye foleni ya kusaga. Mama Mashine alimrudishia ndoo yake palepale, na Kinyozi akala mahindi ya kuchemsha wiki nzima. Mtaa ulielewa.

Sasa niseme jambo ambalo wote tulilijua na hakuna aliyelitaja. Mama Mashine naye ana mwana wa pekee. Aliondoka miaka sita iliyopita kwenda kutafuta kazi mbali, akapiga simu mara mbili, kisha kimya. Kila Jumapili mama anaipiga ile nambari, na sauti ya mwanamke inamwambia haipatikani. Anakata, anarudisha simu mfukoni, anasema, "Wiki ijayo." Katika mchezo mzima hakuna mtu ambaye Mama Mashine humsikiliza kama anavyomsikiliza Mama Mbegu.

Jumatatu moja mgeni alifika kwa Mama Mbegu na mkoba. Tulikuwa wanne kibandani, na dada nyuma ya pazia. Ndani ya mkoba kulikuwa na shati lenye mfuko wa kijani, aliloshona mama mwenyewe. Mgeni alisema kijana alifariki miaka miwili nyuma, kazini, na kwamba ilimchukua muda kumpata mama yake. Redio ikanyamaza. Ilinyamaza mpaka Kinyozi akainuka kuipiga ubavuni akidhani betri zimekwisha. Kisha Mama Mbegu akalia, na Kinyozi akakaa chini polepole na mkono wake bado uko hewani.

Shemeji alikuwa anashona pindo la kanzu. Sijaona mshono kama ule. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Tulibaki hivyo mpaka tuliposikia kule ng'ambo dizeli inazimwa.

"Utamwambiaje Mama Mashine?" Mwalimu alimuuliza shemeji.

Mama Mashine aliketi kwenye kigoda chake. "Haya Fundi, nipe."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nisiseme ni wazo la wote, lilikuwa langu. Nilimtazama shemeji, nikatikisa kichwa: usiseme. Alinielewa. Alikohoa, akaanza vizuri, na mlango unaolia, na mbwa, na mgeni aliyeingia na mkoba.

"Mgeni gani?" akauliza Mama Mashine.

"Mgeni tu. Kaleta..." Shemeji aliinama kuokota sindano ambayo haikuanguka. "Kaleta salamu. Kijana yu mzima. Yuko njiani anarudi."

Mama Mashine aliinua uso. Alijifuta unga machoni kwa kiganja, akaongeza mwingine, maana kiganja chenyewe kilikuwa cheupe. "Mzima?"

"Mzima."

Alicheka. Nimemjua miaka saba na sikuwahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha msichana. Aliondoka bila kuuliza habari za tangazo. Kesho yake alivuka na vifurushi vitano vya unga uliochekechwa vizuri, kimoja kwa kila mmoja wetu, hata Kinyozi. "Mama Mbegu leo hawezi kuwapa zawadi ya furaha yake," alisema, "basi pokeeni kwangu." Unga ule niliuweka juu ya kabati na sikuweza kuupika.

Toka hapo tukaingia kazi ambayo hatukuomba. Mchezo unaisha saa kumi na dakika tano, Mama Mashine anafika saa kumi na moja. Katika dakika hizo hamsini na tano tulilazimika kutunga wa kwetu. Miaka ishirini tumewasema watunzi wa Njia ya Kisimani, kwamba hawana akili, kwamba hata mtoto angefanya vizuri zaidi. Sasa kalamu ilikuwa mikononi mwetu na tuliona cha mtema kuni. Kinyozi alitaka kijana afike na gari. Mwalimu alitaka afike na cheti cha kilimo. Mimi nilitaka afike na mke na mapacha. Tulikaribia kukunjana mashati kwa ajili ya cheti.

"Ninyi mnampangia mwenzenu mtoto," dada alisema kutoka nyuma ya pazia. Akaendelea na pasi yake.

Na kulikuwa na kikwazo. Kijana akifika, lazima aseme, na shemeji alikataa kumpa sauti. "Sauti zote naziweza," alisema. "Hiyo siiwezi. Mtu yuko kaburini." Kwa hiyo kijana wa watu akabaki njiani. Siku ya tatu daraja lilivunjika. Siku ya nne aliumwa tumbo akalala kwa rafiki. Siku ya sita aliibiwa viatu. Mama Mashine alianza kukereka.

"Huyu kijana anatembea kwa magoti?"

"Barabara mbaya," shemeji alijibu akitazama mkasi.

"Mbona alipokuwa anaondoka aliondoka siku moja?"

Kwenye redio, Mama Mbegu wa kweli alikuwa msibani, na sisi tulimsikiliza kwa sikio moja huku jingine likitunga uongo. Shemeji alikonda. Alishona mkono wa kushoto mahali pa kulia kwenye blauzi ya mke wa mchungaji, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya pili halifanyi. Nilimwambia, shemeji, kula. Akaniambia, "Mama yangu sikumdanganya hata neno moja, na alikuwa haisikii hata radi." 

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ya siku tisa za mchezo, ukiacha Jumamosi na Jumapili.

Alhamisi ya wiki ya pili, kama saa tisa unusu, ngurumo ya mashine ilikatika ghafla. Tulinyanyua vichwa. Haikupita muda Mama Mashine akatokea mlangoni, mkanda wa mashine umening'inia begani, umekatika vipande viwili. Ni mkanda wa turubai nene, na aliyeweza kuushona mtaani ni mmoja tu.

"Fundi, nishonee," alisema. "Wateja nimewaambia warudi kesho." Kisha akatazama redio, na uso wake ukafunguka. "Na leo nitamsikia kwa masikio yangu mwenyewe. Nina hakika leo anafika."

Alivuka kizingiti. Miaka saba hakuwahi kukivuka. Alikung'uta gauni lake nje kwanza, akaingia, akaketi kwenye benchi kati ya Mwalimu na Kinyozi, mikono juu ya magoti.

Nilinyoosha mkono kuelekea kitufe cha redio. Betri zimekwisha, ningesema. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini.

"Shemeji, acha," Marudio alisema. Alikuwa mweupe kuliko Mama Mashine. Aliweka mkanda mapajani. "Mama Mashine, kuna jambo nilitakiwa kukwambia. Siku ile ya mgeni..."

Ngoma ikalia. Mama Mashine akaweka kidole midomoni, akamnyamazisha kwa sheria yake mwenyewe.

Tulikaa dakika ishirini. Majirani walikuwa wamekwenda kumsaidia Mama Mbegu kuchota maji, naye akawaambia kwamba tangu alipoletewa mkoba wa marehemu mwanawe hajafungua kibuyu hata kimoja, na mvua imekaribia. Alisema hivyo hivyo, marehemu mwanangu. Mama Mashine hakutikisika. Alisikiliza tangazo la dawa ya kupe mpaka mwisho. Alisikiliza ngoma ya kufungia. Unga ulikuwa umetiririka mashavuni mistari miwili, na yeye hakuufuta.

"Ilikuwa lini?" aliuliza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita," shemeji alisema.

"Siku ya mgeni na mkoba."

"Ndiyo."

Alihesabu kwa vidole, bila haraka. "Siku tisa."

"Mama Mashine," nilianza, "ni mimi niliyemzuia. Tulifanya kwa mapenzi. Tuliona wewe na..."

"Ngoja kidogo, mdogo wangu." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nilijua kuna kitu. Fundi hajaimba tangazo tangu siku ile. Nilidhani anaumwa." Akaitazama redio kama mtu anayemtazama mwenzake. "Mimi wangu sijui yuko wapi. Sijui nimlilie au nimngoje. Mtaa mzima huu mna huruma, lakini hakuna anayejua kukaa hivyo. Anayejua ni yule mmoja. Tumengoja pamoja, mimi na yeye, miaka yote hii. Sasa mwenzangu amepata habari. Amelia, amekaliwa msiba, watu wamemchotea maji. Siku tisa. Na mimi sikwenda hata kumpa pole. Nilikuwa hapa kwenye kigoda nacheka."

Mtu wa nje angesema Mama Mbegu si mtu, ni sauti ya mwanamke anayesoma karatasi mbele ya kipaza sauti, kisha anapanda basi kwenda kwake. Sisi hatukuwa watu wa nje. Kinyozi, mpiga domo yule, aliinamisha kichwa kama aliyekosewa na aliyekosa kwa pamoja. Mimi nililia waziwazi, na sioni aibu kusema.

"Nisamehe," Marudio alisema.

"Nitakusamehe ukimaliza kazi." Mama Mashine aliinuka kutoka kwenye benchi. Alitoka nje, akaketi kwenye kigoda chake, mahali pake. "Haya Fundi. Toka Jumatatu. Nipe zote."

Shemeji alichukua sindano ndefu ya turubai, akatia uzi uliopakwa nta, akaanza kushona mkanda na kusimulia. Jumatatu: mlango unaolia, mbwa, mgeni, mkoba. Dada alitoka nyuma ya pazia akaketi sakafuni, jambo ambalo halifanyi. Ilipofika shati lenye mfuko wa kijani, sauti ya shemeji ilikatika. Alijaribu tena. Machozi yalimdondokea kwenye turubai, na kilio kilichotoka kilikuwa chake, cha mwanamume mzima aliyemkumbuka mama yake.

"Sivyo," Mama Mashine alisema. "Lia kama alivyolia yeye. Usilie kama wewe."

Akanyamaza muda ule ule ambao redio ilinyamaza siku ile. Mimi nilikuwepo, naujua urefu wake. Kisha akalia kilio cha Mama Mbegu, kuanzia chini, kikipanda, kikikatika, na Mama Mashine kwenye kigoda alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama anavyowaitikia wateja wake katika kelele ya mashine. Hakulia kwa sauti. Alisema tu, "Pole. Pole, mwenzangu. Pole."

Shemeji alizitoa zote tisa, hata ya siku ile ambayo Mama Mashine aliisikia mwenyewe. Matangazo yote tisa aliyaimba. Katikati ya siku ya pili, Mama Mashine alimsimamisha mara moja tu.

"Kesho yake, baada ya mgeni kuondoka. Aliamka saa ngapi?"

Shemeji alifikiri. Hakutaka kukosea. "Jogoo aliwika mara mbili, kisha akasikika anawasha moto. Saa kumi na moja alfajiri."

"Akafanya nini?"

"Alifagia uwanja. Wanawake walimwambia apumzike. Akasema uwanja haujui msiba."

"Haya," alisema Mama Mashine. "Endelea."

Ilipokwisha, aliupokea mkanda, akauvuta kwa mikono miwili kuupima. Mishono ilikuwa imepinda, inapanda na kushuka, mibaya kuliko yote niliyowahi kuiona. Dada aliitazama, akaipapasa kwa kidole. Mama Mashine aliutupia begani, akatuaga kila mmoja kwa zamu yake, nami akanishika kidogo mkono, akavuka barabara.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka, mtaa mzima uliamshwa na ngurumo ya dizeli. Kinyozi alifungua dirisha akauliza kwa hasira ni mwendawazimu gani anayesaga saa kumi na moja alfajiri. Shemeji alikuwa ameshasimama mlangoni kwake na shuka begani, anatazama taa ya ng'ambo. Hakukuwa na foleni wala ndoo ya mtu. Mama Mashine alikuwa peke yake, anasaga mahindi yake mwenyewe, na ufagio umeegemezwa ukutani, uwanja umeshafagiwa.

"Mwache," Marudio alimwambia Kinyozi. "Ameamka."